Kuganda kwa Bahari za Ncha Kunatuhusu

Kila mara barafu ya ncha za dunia inapotajwa katika magazeti na redio zetu, hutajwa kwa sababu ya kuyeyuka. Tumezoea kusikia kwamba barafu inapungua, kwamba maji ya bahari yanapanda, na kwamba miji ya pwani imo hatarini. Hayo ni kweli, wala sina nia ya kuyapinga. Hata hivyo, nashikilia kuwa habari hii tumeisikia nusu. Bahari za ncha huyeyuka na pia huganda, na huko kuganda, ambako aghalabu hakutajwi, kuna mchango mkubwa katika kuyaendesha maji ya vilindi vya dunia, vikiwemo vya Bahari Hindi inayoipiga pwani yetu. Wataalamu wanaojaribu kukieleza kitendo hicho kwa hesabu na kwa tarakilishi wamekumbana na ugumu ambao bado haujawaishia. Makadirio tunayopewa ya jinsi bahari itakavyopanda Mombasa, Lamu na Malindi yanategemea, kwa kiasi fulani, jinsi ugumu huo utakavyotatuliwa.

Mimi ni mwanaisimu, si mtaalamu wa bahari. Msomaji basi ana haki ya kuniuliza nimefuata nini kwenye baridi hiyo. Nimefuata mambo mawili ambayo ndiyo kazi yangu ya kila siku: maneno na kanuni.

Tuanze na neno. Barafu ni neno lenye asili ya Kiajemi, na huko lilikotoka maana yake ni theluji. Sisi tumelitwika mizigo mingi. Barafu ya jokofu, barafu ya kilele cha Mlima Kenya, barafu iliyolifunika bara la Antaktika na barafu inayoelea baharini, zote kwetu ni barafu tu. Lakini hizi mbili za mwisho hazifanani hata kidogo. Barafu ya bara ni theluji iliyorundikana na kushindiliwa kwa maelfu ya miaka juu ya nchi kavu. Ikimiminika baharini, bahari hupanda. Barafu ya bahari ni maji yenyewe ya bahari yaliyoganda. Huwa tayari inaelea, na ikiyeyuka haipandishi kina kwa kiasi cha kutajika, kama vile kipande cha barafu katika gilasi iliyojaa kisivyoifurisha gilasi hiyo kinapoyeyuka. Kutokana na ukweli huo, wapo wanaodhani kwamba barafu ya bahari haina uzito katika mjadala huu. Wanakosea, na kosa lao ni kuisahau chumvi.

Anayepita Gongoni au Marereni, kaskazini ya Malindi, huyaona mabwawa mapana yaliyojazwa maji ya bahari. Jua huyafanya maji yapae angani kuwa mvuke, na chumvi ikabaki. Katika bahari za ncha baridi hufanya kazi iyo hiyo kwa njia yake. Kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na maji hayo huganda yanapofikia karibu nyuzi 1.9 chini ya sifuri. Katika umbo la barafu hamna nafasi ya chumvi. Maji yanapoganda, chumvi husukumwa nje; kiasi kidogo hunaswa katika vijishimo vyembamba, na iliyosalia hutiririka chini ikiwa maji makali ya chumvi. Barafu ya unene wa mita 1 ikiganda juu ya eneo la mita 1 ya mraba, chumvi inayorudishwa baharini hupindukia kilo 20. Maji yanayoipokea huwa mazito, na kwa kuwa tayari ni ya baridi mno, huzama.

Je, kitendo hiki hutokea kwa nguvu moja kila mahali? La hasha. Mbali na pwani, barafu ikishaenea juu ya maji huwa kama blanketi. Kadiri inavyonenepa ndivyo inavyoyakinga maji na baridi ya hewa, na ndivyo kuganda kunavyopungua. Kwa kawaida msimu mmoja wa kipupwe hauizidishi barafu changa mita 2 za unene. Pwani mambo ni mengine. Upepo mkali huporomoka kutoka nyanda za juu za Antaktika, ukaisukuma barafu kuelekea bahari kuu mara tu inapofanyika. Maji hubaki wazi, baridi huyapiga, barafu nyingine huzaliwa, nayo husukumwa. Warusi wana jina la uwazi huo wa maji katikati ya barafu, na ulimwengu mzima umelikopa. Nasi na tulikope tuseme polinia. Kuna polinia ambazo barafu inayozaliwa humo katika kipupwe kimoja, lau ingebaki mahali pamoja, ingepita mita 10 za unene. Hizo ndizo mahali ambapo chumvi hurudishwa baharini kwa wingi usiomithilika.

Mojawapo ya polinia mashuhuri iko katika Terra Nova Bay, kwenye Bahari ya Ross. Huko upepo hauna suluhu, na ulimi wa barafu uitwao Drygalski huizuia barafu inayotoka kusini isiizibe ghuba. Mwaka 1912, watu sita wa msafara wa Robert Scott, wakiongozwa na Victor Campbell, walilazimika kupitisha kipupwe humo katika pango walilolichimba kwenye theluji. Mahali hapo walipaita Inexpressible Island, yaani kisiwa kisichoelezeka kwa maneno. Upepo uliowatesa watu hao ndio unaotengeneza maji mazito ya sakafu ya bahari. Kaskazini nako kuna mfano wake. Fridtjof Nansen wa Norway, aliyesafiri kwa meli ya Fram baina ya 1893 na 1896, alieleza baadaye kwamba kuganda kwa bahari za kina kifupi karibu na Novaya Zemlya kunaweza kuzaa maji mazito ya vilindi vya Aktiki. Wataalamu waliofuata wameyapima maji ya namna hiyo yakimiminika kutoka Storfjorden, katika visiwa vya Svalbard.

Maji haya yakishakuwa mazito ya kutosha, huteremka mteremko wa bara hadi kilindini na kuanza safari ndefu. Yale ya Antaktika, baada ya kuchanganyika na mengine njiani, yameenea katika takriban theluthi moja ya bahari zote. Sehemu yake huingia Bahari Hindi na, kwa kupitia mlango wa kilindini ulio karibu na visiwa vya Amirante vya Ushelisheli, hufika katika bonde la bahari lililo mashariki ya Somalia na Kenya. Ndiyo maana, huku wavuvi wetu wakiwa juu ya maji yenye halijoto ya nyuzi 27 hivi, kilomita kadhaa chini ya bahari hiyo hiyo mna maji ya karibu nyuzi 1. Jua la ikweta haliyafikii. Ubaridi wake ni wa kusini, na hewa iliyomo ndani yake, inayowawezesha viumbe wa vilindini kuishi, ilinyonywa kutoka angani huko huko kusini.

Sasa nije kwenye kanuni. Kielelezo cha bahari ni maelezo ya bahari kwa lugha ya hesabu: mtaalamu hutaja kanuni anazoamini kuwa maji, upepo na barafu hufuata, kisha tarakilishi huzitekeleza hatua kwa hatua na kuonyesha matokeo. Kwa mintarafu ya polinia, kielelezo kimoja kilichosifika kiliandikwa na Carol Pease mwaka 1987. Hoja yake ni nyepesi. Hewa baridi huyanyang'anya maji joto na kuzaa barafu. Upepo huichukua barafu hiyo. Upana wa polinia huishia pale ambapo barafu inayozaliwa imelingana na ile inayochukuliwa. Ukiujua upepo na halijoto ya hewa, unaweza kukisia barafu, na ukiijua barafu unaweza kuikisia chumvi. Mtu wa sarufi hawezi kukosa kuipenda kanuni kama hiyo, yenye maneno machache inayotosheleza mifano mingi.

Ugumu huanza unapotaka kukitia kitendo hiki katika kielelezo cha dunia nzima. Tarakilishi haiwezi kuifuata kila tone. Hivyo bahari hugawanywa katika miraba, na katika vielelezo vingi vilivyotumiwa kubashiri tabianchi, upande wa mraba mmoja hukaribia kilomita 100. Polinia nyingi za pwani hazifikii upana huo. Kijito cha maji mazito kinachoteremka kutoka humo ni chembamba zaidi: upana wake huenda ukawa kilomita chache tu, na unene wake makumi au mamia machache ya mita. Kielelezo kisichoweza kukiona kijito hicho hufanyaje? Huitwaa chumvi yote na kuitandaza sawasawa juu ya mraba mzima. Matokeo yake ni kwamba maji ya juu huwa mazito kila mahali kwa pamoja, yakapinduka na kuchanganyika kupita kiasi, ilhali katika bahari ya kweli chumvi hiyo ingeshuka kwa michirizi myembamba na kuyaacha maji mengine yalivyokuwa. Mwaka 2009, An Nguyen na wenzake walionyesha jambo hili kwa bahari ya Aktiki: kielelezo chao kilipoimwaga chumvi yote juu, kilichanganya maji kupita kiasi, walipoipeleka kwenye kina ambacho ingefika yenyewe, kielelezo kilifanana zaidi na vipimo vya baharini.

Kusini kasoro ni kubwa zaidi. Mwaka 2013, Céline Heuzé na wenzake walivichunguza vielelezo vilivyotegemewa na wanasayansi wa tabianchi ulimwenguni, wakataka kujua vinayapataje maji ya sakafu ya Antaktika. Waligundua kwamba vingi viliyapata kwa kuipindua bahari wazi, mbali na pwani, jambo ambalo katika maumbile hutokea kwa nadra. Njia yenyewe, ile ya polinia na mteremko, haikuwemo. Hata hivyo baadhi yavyo vilitoa maji ya kilindini yasiyo mbali sana na yaliyopimwa.

Hapa ndipo ninapomtambua mwanafunzi wangu. Chukua mgeni anayejifunza Kiswahili, aliyesikia mtu na watu, mtoto na watoto, mgeni na wageni, akakata shauri kwamba m- ya umoja hugeuka wa- katika wingi. Mtahini kwa maneno hayo naye atapata alama zote. Mpe mti, naye atakuambia wati. Mpe mkono, atakuambia wakono. Hakuifahamu ngeli, alibahatisha kanuni iliyowiana na mifano michache aliyopewa. Majibu yake ya kwanza yalikuwa sahihi, lakini hayakuwa ushahidi wa ujuzi. Kielelezo kinachopata maji ya kilindini kwa njia isiyo yake kimo katika hali hiyo. Maadamu bahari inabaki kama ilivyokuwa, huenda kasoro isionekane. Bahari ikibadilika, kinaulizwa swali jipya, na hapo hatuna sababu ya kuliamini jibu lake.

Na bahari inabadilika. Februari 2010, jabali la barafu liliugonga ulimi wa mto wa barafu wa Mertz, mashariki mwa Antaktika, na kipande chenye urefu wa kilomita 78 hivi kikakatika. Ulimi huo ndio uliokuwa ukiikinga polinia ya hapo. Kinga ilipoondoka, barafu inayozaliwa ilipungua, na maji mazito nayo yakapungua. Mwaka 2023, barafu ya bahari ya Antaktika ilishuka hadi kilomita za mraba milioni 1.79 mwezi Februari, na mwezi Septemba, wakati wa upeo wake, haikufikia milioni 17. Vyote viwili vilikuwa vya chini kabisa tangu vipimo vya setilaiti vianze mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka huo huo Qian Li na wenzake walichapisha kielelezo chenye miraba midogo zaidi, kilichobashiri kwamba, gesi chafu zikiendelea kutolewa kwa wingi, mzunguko wa maji ya sakafu ya Antaktika utapungua kwa zaidi ya asilimia 40 kufikia mwaka 2050. Sababu waliyoitaja ni maji matamu yanayotoka kwenye barafu ya bara inayoyeyuka. Maji hayo huizimua chumvi ya pwani, na baridi ikaganda bila kupata maji mazito ya kuzamisha.

Msomaji ataona basi kwamba kuyeyuka na kuganda ni mambo mawili yanayoshikana mkono. Na hapo ndipo penye hatari yetu. Katika Bahari ya Weddell, maji baridi na mazito yanayotokana na kuganda kwa bahari yamejaa chini ya bamba la barafu linaloelea la Filchner-Ronne, nayo yanasaidia kuyazuia maji ya joto kutoka bahari kuu yasiingie. Katika Bahari ya Amundsen kinga kama hiyo haipo: maji yenye joto la zaidi ya nyuzi 1 juu ya sifuri huingia na kuzila kutoka chini barafu za Pine Island na Thwaites. Mwaka 2012 Hartmut Hellmer na wenzake waliandika kwamba hata kinga ya Weddell huenda ikavunjika katika nusu ya pili ya karne hii. Jopo la kimataifa la tabianchi liliposema mwaka 2021 kwamba, gesi zikitolewa kwa kiwango cha juu kabisa, bahari ina uwezekano wa kupanda kati ya sentimita 63 na 101 kufikia 2100, liliongeza kwamba kupanda kunakokaribia mita 2 hakuwezi kuondolewa katika mawazo. Tofauti baina ya nusu mita na mita 2 kwa mji kama Lamu haihitaji maelezo. Tofauti hiyo imetokana kwa kiasi kikubwa na yale tusiyoyajua kuhusu barafu ya Antaktika, na chumvi ya polinia ni fungu mojawapo la hayo.

Atatokea wa kusema: kama vielelezo vina kasoro, kwa nini tuviamini? Namjibu kwamba kasoro hizi tumezijua kwa sababu waliovitunga walivikagua na kuzitangaza. Hiyo ni dalili ya elimu iliyo hai. Isitoshe, shaka haiegemei upande wa faraja pekee. Kielelezo kisichokiona kijito cha pwani kinaweza kuipunguza hatari kama kinavyoweza kuizidisha. Dawa ni kupima zaidi na kuifinya miraba. Cape Darnley, mashariki mwa Antaktika, ni ushahidi tosha: ni mwaka 2013 tu ambapo wataalamu walitangaza kuwa polinia ya hapo ni chimbuko la maji ya sakafu, baada ya kuweka vyombo baharini na kuwafunga wengine vipima joto na chumvi, nao ni sili, wanyama wa bahari wanaozama chini ya barafu mahali ambapo meli haifiki.

Mwingine atasema kuwa haya ni ya mataifa yenye meli za kuvunja barafu, na kwamba sisi tuna njaa na mafuriko ya kutushughulisha. Hoja hii ina uzito, wala siidharau. Lakini hatuombwi kujenga meli. Miongoni mwa mataifa 12 yaliyotia sahihi Mkataba wa Antaktika mwaka 1959, Afrika iliwakilishwa na Afrika Kusini peke yake, na hadi leo nchi hiyo ndiyo yenye kituo na meli ya utafiti ya huko. Vipimo vingi vya bahari hizo huwekwa wazi kwa yeyote anayetaka kuvisoma, na kijana wa hesabu au fizikia aliye Nairobi, Maseno au Mombasa anaweza kuvichambua akiwa na tarakilishi na mwalimu. Kinachokosekana ni vyuo vyetu kuamua kwamba elimu ya bahari ya mbali ni elimu ya pwani yetu.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, serikali za kaunti za pwani na washauri wao, kila wanapoletewa tarakimu moja ya kupanda kwa bahari ili wajenge ukuta au gati, waulize tarakimu hiyo imetoka katika kielelezo gani, kielelezo hicho kimeacha nini nje, na upeo wa juu wa makadirio ni upi. Ukuta uliojengwa kwa kutegemea tarakimu ya katikati pekee huenda ukajengwa mara mbili. Pili, vyuo vikuu, kwa kushirikiana na taasisi yetu ya utafiti wa bahari na uvuvi iliyoko Mombasa, viwafunze vijana kadhaa kusoma na kukosoa vielelezo hivi, ili tusiwe watu wa kupokea majibu tu. Tatu, sisi watu wa lugha tutimize wajibu wetu. Maadamu tunasema barafu tu bila kutenganisha ya bara na ya bahari, mwananchi wa kawaida ataendelea kuchanganywa, na mjadala utabaki mikononi mwa wachache wenye Kiingereza. Barafu ya bara, barafu ya bahari, polinia, maji mazito ya sakafu: maneno haya si magumu kwa mtu anayejua chumvi inavyopatikana Marereni. Walimu wayatumie darasani, na watangazaji wayatumie katika habari za tabianchi, kuanzia sasa.